Nani Analala Hapa?

Mnunuzi aliingia uani saa nne asubuhi bila hodi, mpimaji nyuma yake ameshika ncha ya utepe. Dobi alikuwa anapiga pasi shati la mwalimu mkuu. Aliwaona wakiuvuta ule utepe kutoka pembe ya jiko mpaka mlango wa choo, akadhani ni watu wa maji, maana watu wa maji ndio wenye tabia ya kuingia uani kwa mtu kama wanaingia sokoni.

“Mnapima bomba?”

“Tunapima kiwanja, mama. Wala usijisumbue, endelea na kazi yako.”

“Kiwanja cha nani?”

Mnunuzi alikuwa muuza matairi, mtu wa makamo, nadhifu, mwenye sauti ya chini. Alikuja na faili kwapani, na hiyo sauti yake ya upole ndiyo iliyomtia dobi wasiwasi kuliko angekuja na matusi.

“Changu, Mungu akipenda. Namba sita. Nanunua kwa jirani yenu wa nyuma.”

Dobi akacheka. “Baba, umepotea njia. Jirani wa nyuma anakaa nyuma. Pita kichochoro hiki, utaona nyumba yenye bati la kutu, ndiyo hiyo. Hapa ni kwa mama mkwe wangu, yule pale.”

Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni anachambua maharage. Mtaa mzima, wakubwa kwa wadogo, walimwita Bibi. Hakuinua kichwa.

“Hata mimi nilijua hivyo,” mnunuzi alisema. “Nilionyeshwa ile ya nyuma, tukapatana bei ya ile ya nyuma, nikatoa malipo ya kwanza. Lakini wakili wangu alipokwenda ofisi ya ardhi kutazama ramani, namba iliyo kwenye hati ya yule mama ni ya hapa mbele, kando ya barabara. Ya nyuma ni namba saba.” Akafungua faili, akaiweka kopi juu ya shati la mwalimu mkuu. “Mimi sikuandika, mama. Ndivyo ilivyoandikwa.”

“Toa karatasi yako juu ya shati la watu.”

Akaitoa, akaikunja vizuri. “Ijumaa tunakwenda kuhamisha jina. Nimekuja mwenyewe kuwaambia kwa sababu mimi si mtu wa kuwashitukiza wenzangu. Nitawapa miezi miwili ya kujitayarisha.”

Hapo ndipo Bibi alipoinua kichwa. Alimtazama mnunuzi, kisha akamtazama mpimaji ambaye alikuwa amekanyaga kitalu chake cha mchicha.

“Shuka hapo, mwanangu,” alisema. “Hiyo ni mboga.”

*

Fundi, mume wa dobi, alirudi mchana, saruji bado ipo kwenye kope. Alikuwa mwashi, mtu wa mikono mizito na hasira nyepesi. Mkewe alimweleza kila kitu akiwa bado amesimama na ndoo mkononi. Hakutaka hata maji ya kunawa. Akaingia chumbani kwa mama yake, akalivuta sanduku la chini ya kitanda, akaitoa hati iliyofungwa ndani ya mfuko wa nailoni na kipande cha kanga.

Miaka ishirini na tisa hati ile ilikuwa inatolewa mara moja kwa mwaka kwenda kulipiwa kodi, inarudishwa. Karani hugonga muhuri kwenye risiti, basi. Nyumba za mtaa ule hazikuwa na namba milangoni. Kwa Bibi palijulikana kwa pasi ya mkaa na kamba za nguo. Kwa jirani palijulikana kwa bati la kutu. Nani angeuliza namba?

Fundi akasoma kwa kidole. Jina la mama yake, sawa. Jina la mtaa, sawa. Kiwanja namba saba.

“Mama.”

“Nasikia.”

“Hii nyumba nimeipiga lipu mimi kwa mikono yangu. Chumba cha watoto nimekijenga mimi. Kumbe najenga kwa watu?”

“Punguza sauti, jirani atasikia.”

“Asikie! Ndiye anayetuuza!”

Akatoka vile vile na saruji yake. Jirani wa nyuma hakufungua mlango. Alizungumza kupitia dirishani, pazia limeshuka, kiasi kwamba fundi alikuwa anagombana na maua ya kitambaa.

“Mimi sikuandika hati,” sauti ilisema. “Nilipewa kama ninyi mlivyopewa.”

“Lakini unajua ile si nyumba yako!”

“Najua ninachokijua. Nenda kaulize ofisini, mwanangu. Mimi kichwa kinaniuma.”

Fundi akarudi anaapa mahakama. Dobi, ambaye ndiye aliyekuwa anaweka akiba ya nyumba ile kwenye kopo la sabuni, alimwuliza mahakama atakwenda na shilingi ngapi. Fundi akachota maji. Akanawa uso.

*

Ofisi ya ardhi ilikuwa na madirisha manne, na lililokuwa wazi lilikuwa moja. Dobi alifika kabla ya kufunguliwa, akakuta watu kumi na wanne mbele yake wamekalia matofali. Zamu yake ilipofika karani aliisoma hati bila kuigusa, kama mtu anayetazama samaki asiyetaka kumnunua.

“Mwenye hati yuko wapi?”

“Nyumbani, baba. Miguu inamsumbua.”

“Sasa miguu yake nitaiwekea sahihi mimi? Wewe ni nani wake?”

“Mkwe.”

“Mkwe si mwenye hati. Mlete. Lete na kopi mbili, picha ndogo mbili, barua ya mwenyekiti wa mtaa na ada ya upekuzi. Anayefuata!”

Barua ya mwenyekiti ilimgharimu nusu siku na elfu tano ambazo mwenyekiti aliziita za wino. Dobi alitaka kumwambia kwamba kwa bei hiyo angemletea wino wa ndoo nzima, lakini akameza maneno, akashukuru.

Kesho yake walikwenda na Bibi. Alivaa gauni lake la ibada na viatu vya kufunika, akatembea taratibu akishika bega la mkwewe. Wakakaa kwenye benchi mpaka saa sita. Karani wa dirishani alipomwona akapaza sauti, foleni nzima ikageuka.

“Bibi! Unajua kusoma?”

“Najua kusikia,” Bibi alisema. “Punguza.”

Watu wakacheka, na karani naye akacheka kidogo, akawapitisha kwa msajili.

Msajili alikuwa mwanamke kijana mwenye miwani na mafua. Alifungua jalada la namba sita, akafungua la namba saba, akayaweka ubavu kwa ubavu, akapiga chafya.

“Majina yamepishana,” alisema. “La huku limeandikwa kule, la kule limeandikwa huku. Haya mambo yapo, wala si ya ajabu. Mimi nina uwezo wa kurekebisha daftari hapa hapa, bila mahakama, kwa sharti moja: wenye hati wote wawili wakubali mbele yangu na waweke sahihi. Mmoja akikataa, mkono wangu umefungwa. Mtakwenda mahakamani.”

“Na Ijumaa?” dobi aliuliza. “Mnunuzi anasema Ijumaa wanahamisha jina.”

“Ijumaa nitawaita wote. Jina likishahamia kwa mtu wa tatu, itakuwa kesi ya miaka.” Akamgeukia Bibi. “Mama, siku ya upimaji ulikuwepo?”

“Nilikuwepo.”

“Nyumbani kwako?”

Bibi akaweka sawa ukingo wa gauni lake. “Nilikuwepo mtaani.”

Msajili akangoja. Basi msajili akaandika kikaratasi, akasema ataagiza stoo watafute daftari la uwandani, lile wapimaji wanaloandikia huko huko kwenye vumbi, kama panya wameliacha.

*

Nje ya ofisi palikuwa na ukuta mfupi wenye kivuli. Dobi alimkalisha mama mkwe wake, akamnunulia maji, akakaa pembeni yake.

“Mama, kuna kitu hukukisema mle ndani.”

“Kipo.”

“Na nyumba inakwenda.”

Bibi alikunywa maji mpaka nusu, akafunga kizibo kwa makini. Kisha alisema, akitazama barabara.

“Nakwambia wewe ili usinione mpumbavu. Ukimwambia mtu, hata mume wako, mimi na wewe basi. Mwaka ule wa upimaji mwenzangu alikuwa amejifungua yule binti wa mwisho. Mume wake yuko safarini. Nyumba yake ilikuwa na bati upande mmoja tu, upande wa pili turubai, na mvua ile ilikuwa haina adabu. Nikamwambia, njoo ulale kwangu, sakafu ni kavu. Akasema, tutabanana, maana nyumba yangu ilikuwa chumba kimoja wakati huo. Nikamwambia hatubanani, mimi nakwenda kwako. Nikamchukua mume wako mgongoni, nikaenda kulala chini ya turubai. Mwezi na siku kadhaa. Katika zile siku za mwanzo ndipo wapimaji wakapita.”

“Wakakukuta kule.”

“Wakanikuta nilikokuwa. Hawakuuliza nyumba ya nani. Waliuliza, nani analala hapa? Nikasema mimi. Na yeye kule wakamwuliza dirishani, nani analala hapa? Akasema mimi. Wote tulisema kweli.” Akacheka kidogo bila sauti. “Walikuwa na haraka, mvua inawanyeshea.”

Dobi alihisi mwili wote umekuwa mwepesi. “Mama! Basi si twende tukalisema! Turudi sasa hivi, msajili bado yupo!”

“Hapana.”

“Kwa nini?”

“Kwa sababu nilimpa. Sikumkopesha. Nilimpa, Mungu ananiona, na hatujawahi kulitaja tangu siku aliyorudi kwake, hata kwa utani. Leo nikamsimamishe mbele ya watu, mbele ya mwanawe, nimwambie unakumbuka nilivyokusitiri? Hiyo itakuwa nimemletea bili. Yeye analijua. Akitaka kulisema, mdomo anao.”

“Na asipotaka?”

Bibi akanyoosha mkono ainuliwe. “Nisaidie, mwanangu. Jua limehama.”

Dobi alimwinua. Njia nzima alikuwa na hasira ambayo hakujua aielekeze wapi, maana mtu aliyemkasirikia alikuwa ameegemea bega lake.

*

Alhamisi, baada ya kupeleka nguo za watu, dobi alikwenda kwa jirani peke yake. Hakupiga kelele. Aligonga, akangoja, akagonga. Mlango ukafunguliwa.

Ndani mlikuwa na mabegi mawili yamefungwa, na alama nyeupe ukutani pale palipokuwa na kabati. Jirani wa nyuma alikuwa mwembamba kuliko dobi alivyomzoea. Alimpa kiti kimoja kilichobaki, yeye akakaa kwenye begi.

“Muuguzi anakuja kesho,” alisema. Muuguzi ndiye yule binti wa mwisho, anayefanya kazi hospitali ya mji mwingine. “Ananichukua. Amepanga vyumba viwili, anataka kununua kibanda chake. Mimi presha inapanda, kuna siku nazimia hapa hakuna wa kunipa maji.”

“Ni jambo jema kukaa na mtoto, mama.”

“Mnunuzi ameniongezea. Tulipatana bei ya hapa, sasa ananipa karibu mara mbili kwa ile ya mbele.” Alisema haraka, kama anayetema. “Unajua nimelipa kodi ya kiwanja gani miaka yote hii? Cha mbele. Kila mwaka kodi yangu inaizidi yenu, najiuliza kwa nini, kanyumba kangu haka! Karani ananiambia, ndivyo ilivyoandikwa. Basi nami nasema ndivyo ilivyoandikwa.”

“Hiyo ya kodi tutaihesabu, mama, tutairudisha kidogo kidogo.”

“Kwa kufua?” Hakuuliza kwa dharau. Ndiyo maana iliuma zaidi.

Nje kuku alikuwa anakwaruza ukuta.

“Mama mkwe wako ndiye aliyekutuma?”

“Hajui kama nimekuja.”

“Hapana, hawezi kukutuma.” Jirani alishika kishikio cha begi, akakizungusha. “Amesema nini kuhusu siku ile ya upimaji?”

Dobi aliyaona maneno yote yamepanga foleni kwenye ulimi wake. Turubai, mvua, mtoto mgongoni. Angeyatoa tu, kazi ingekwisha. Akakumbuka bega lake lilivyoelemewa njiani.

“Hajasema kitu.”

“Hajasema kitu chochote?”

“Chochote.” Akamwomba Mungu msamaha kimoyomoyo, maana alikuwa mtu asiyezoea kusema uongo kwa mkubwa.

Jirani alimtazama muda mrefu, kisha akageuza uso kwenye ile alama nyeupe ya kabati.

“Ingekuwa afadhali angekuja kunitukana,” alisema.

*

Ijumaa chumba cha msajili kilikuwa na viti vinne vya wageni, na wageni saba. Bibi na jirani walipewa viti, wakakaa wameachiana kiti kimoja, na hicho kimoja mnunuzi akakikalia katikati yao, faili magotini. Wakili wake alichukua cha nne. Fundi alisimama ukutani, kashika kofia. Dobi alikuwa mlangoni. Muuguzi, aliyefika na basi la alfajiri, alisimama nyuma ya mama yake, mkono begani kwake. Alikuwa amemwamkia Bibi kwa heshima zote, lakini macho yake hayakukaa kwake.

“Niseme ukweli,” Muuguzi alianza kabla hajaulizwa, “sisi hatukumwibia mtu. Mama yangu ana hati. Nimechoka kusikia njia nzima watu wananiambia tunawatoa watu nje. Mama anaumwa, mimi ndiye nina zamu za usiku, nani atamwangalia?”

“Hakuna aliyesema wizi,” msajili alisema. “Stoo wamelipata daftari. Panya wamekula jalada tu.” Akaliweka mezani kijitabu kilichovimba kwa unyevu, akakifungua kwenye alama aliyoiweka. “Huwa tunaandika namba ya kiwanja na mtu aliyekutwa. Huyu mpimaji alikuwa mtu wa maneno mengi. Nasoma. Kiwanja namba sita. Aliyekutwa: mwanamke mzazi, mtoto wa siku tisa. Hakutoka kuonyesha mpaka kwa sababu ya hali yake na mvua. Amejibu dirishani kwamba ndiye anayelala hapa.” Akapiga chafya, akafuta pua. “Kiwanja namba saba. Aliyekutwa: mwanamke, mtoto mgongoni, chini ya turubai. Paa halijakamilika. Amejibu kwamba ndiye anayelala hapa.”

Muuguzi aliinama juu ya meza. “Tarehe ngapi?”

Msajili akamwonyesha. Muuguzi alihesabu kwa midomo, siku tisa nyuma, akafika kwenye tarehe aliyoijua tangu azaliwe.

“Mama,” alisema. “Huyu ni mimi?”

Jirani aliinamisha kichwa. Alikuwa anatazama mikono yake.

“Mimi nimezaliwa nyumba ya nyuma. Umeniambia mara ngapi? Sasa nikiwa wa siku tisa nalala nyumba ya mbele nafanya nini? Na turubai…” Akageuka polepole kwa Bibi. “Nani alikuwa chini ya turubai?”

“Mvua zilikuwa kubwa mwaka ule,” Bibi alisema.

“Na huyo mtoto mgongoni?” fundi aliuliza kutoka ukutani. Sauti yake ilikuwa imebadilika.

“Ni wewe. Mzito kama gunia.”

Mnunuzi akakohoa. “Haya yote ni mema, na mimi nayaheshimu. Lakini hati ni hati. Nimekwisha kutoa malipo ya kwanza, na nyongeza ninayo hapa.” Akagusa faili.

“Ni hati, ndiyo,” msajili alisema. “Ndiyo maana tunamsubiri mwenye hati aseme.” Akavua miwani. “Mama, hakuna anayekulazimisha. Ukisema namba sita ni yako, mimi sitakupinga hapa, nitawaelekeza mahakamani, na mahakama itasema itakavyosema. Ukisema si yako, nitarekebisha leo. Useme wewe, si binti yako wala si mimi.”

Jirani aliinua macho, akamtafuta Bibi upande wa pili wa mnunuzi. Bibi alikuwa anatazama kalenda ukutani. Hakumtazama kabisa. Alimwachia nafasi, kama mtu anavyogeuza uso mwenzake anapovaa nguo.

“Mwanangu,” jirani alisema bila kugeuka, “nyongeza ikikosekana, hicho kibanda chako hutakinunua.”

Muuguzi alikifikiria. Kilikuwa kibanda cha vyumba vitatu chenye bomba la ndani. Alikuwa ameshakichagulia rangi. “Chumba changu kina kitanda kimoja,” alisema mwishowe. “Tutalala mzungu wa nne, kichwa kwa miguu.”

“Miguu yangu ina baridi.”

“Nitakuvalisha soksi.”

Mama yake akatikisa kichwa, karibu acheke, ikatoka kama kilio. Kisha akasema wazi, kwa sauti ya kusikika mpaka kwa wakili:

“Namba sita si yangu. Yangu ni ya nyuma, ile ya bati la kutu. Andika.”

Dobi pale mlangoni akajikuta ameketi sakafuni bila kujua ameketi saa ngapi.

Mnunuzi hakugomba. Alifunga faili, akasema kwamba ya nyuma atainunua kwa bei ya kwanza, ile waliyopatana, na kama hawataki, basi malipo yake yarudi ndani ya wiki mbili. Muuguzi akamwambia watamjibu Jumatatu. Akaaga kila mtu kwa mkono, hata dobi pale sakafuni, akatoka na wakili wake, na kiti cha katikati kikabaki kitupu.

Msajili akavuta fomu. Alijaza namba, majina, tarehe, akiuliza na kujijibu. Akafika kwenye mstari mmoja, akaandika huku anatamka: “Sababu ya kosa: uzembe wa mwandishi.”

“Hapana,” jirani alisema.

“Mama, ndivyo tunavyoandika siku zote. Haina madhara kwa mtu.”

“Mwandishi hakuzembea. Aliuliza nani analala hapa, nami nikasema mimi. Kweli nilikuwa nalala pale. Maskini, amelowa na mvua, halafu aandikwe mzembe?”

“Basi niandike nini?”

Jirani akavuta pumzi. Miaka ishirini na tisa neno hilo lilikuwa halijasemwa baina ya nyumba zile mbili, na sasa lilikuwa linatakiwa na serikali.

“Andika, dada alinipisha nyumba yake nipate kulala pakavu na mtoto, yeye akalala penye mvua.”

“Mstari ni mfupi.”

“Andika kwa herufi ndogo.”

“Usimsumbue mtoto wa watu,” Bibi alisema kwa ukali, na ukali ule ulikuwa unatetemeka. “Watu wana foleni nje.”

“Wasubiri, dada. Mimi nimesubiri zaidi.”

Msajili alimtazama mmoja, akamtazama mwingine. Akachora mstari juu ya maneno yake mwenyewe, akatia sahihi pembeni, akaanza kuandika kwa herufi ndogo, na mstari ulipojaa akaendelea ukingoni mwa karatasi, akiigeuza geuza. Walisikia kalamu tu.

Kisha akafungua kidau cha wino. Jirani alibonyeza dole gumba la kushoto, Bibi akabonyeza la kwake chini yake. Msajili akawaambia waje kuchukua hati mpya baada ya siku thelathini, na kwamba ada italipwa dirisha la pili kama limefunguliwa. Fundi na mkewe wakatoka kwenda kulitazama hilo dirisha.

Wino wa ofisi ile haukuwa wa kutoka upesi. Muuguzi alitoa pamba na kichupa cha spiriti kwenye mkoba wake wa kazi, akamfuta mama yake dole, akasugua mpaka likatakata. Akachukua pamba nyingine. Akapiga magoti mbele ya Bibi, akaushika mkono wake wa kushoto.

“Ni dole moja tu, mwanangu,” Bibi alisema. “Haya mengine ni safi.”

“Najua, Bibi,” Muuguzi alisema, na akaendelea kuyafuta yote matano, moja baada ya jingine.